Nilivyotoa Neno la Siri Nikiwa na Sambaza Mkononi

Leo sina uso. Nimeuacha kule Kasha, ndani ya kiwanda cha sabuni, mbele ya wafanyakazi wote na mkurugenzi wao. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani kwangu Kadutu, na mashavu bado yanawaka.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi naunganisha mashine za viwandani kwa mtandao. Si ule wa kuangalia video (Shangazi, nakuona). Ni nyaya na vifaa vinavyoifanya pampu iongee na tangi, tangi liongee na chaudière, na mtu mmoja aone yote kwenye skrini. Chaudière ni lile pipa kubwa la mvuke. Likikosa amri kwa wakati, sabuni inaganda ndani ya mabomba, na mnaanza kugonga mabomba kwa nyundo kama watu wa machimbo.

Nilipofika pale miezi mitatu iliyopita, mashine na ofisi vilikuwa kwenye mtandao mmoja. Mhasibu akipakua filamu, skrini ya chaudière inasimama. (Nawaapia. Niliona kwa macho yangu.) Basi nikavitenganisha. Mashine upande wao, ofisi upande wao, katikati mlango mmoja tu. Mlango huo unafunguka kwa neno la siri, mot de passe, ambalo hadi leo mchana nililijua mimi peke yangu. Halafu nikavuta nyaya kwa njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe kazi.

Leo ilikuwa siku ya kukabidhi. Asubuhi majaribio, kisha mafunzo, na saa tisa mkurugenzi anatia sahihi. Ni kazi yangu ya kwanza kubwa tangu nianze kujitegemea! Kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, nilikuwa naimba hadi dereva akageuka.

"Maman, leo iko mariage?"

"Karibu kama harusi!"

Majaribio yalikuwa matamu, acheni niwaambie. Nilimpa mkurugenzi koleo mkononi.

"Papa Directeur, kata waya yenye unapenda."

"Hii?"

"Hata hiyo!"

Kra! Akakata. Wote tukageukia pampu. Pampu ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeipa habari. Skrini haikupepesa hata mara moja. Mkurugenzi akatazama koleo, akatazama pampu, akasema, "Eh! Ingénieur!" Nikaruka juu. Mara mbili. (Sehemu hiyo siionei haya hata kidogo.)

Saa nne tukaingia kwenye mafunzo, katika chumba cha kufungia sabuni. Watu wamekaa juu ya makreti, mimi nimesimama mbele kama askofu. Nikawaambia: mtandao huu hauvunjwi kwa nyundo, unavunjwa kwa mdomo. Siku moja mtu atapiga simu. Atakuwa na haraka. Atataja jina kubwa. Ataomba neno la siri. Usimpe! Kata simu, nenda kwa miguu yako ukaulize. Na neno lenyewe lisiwe jina lako, wala la mtoto wako, wala la mbuzi wako.

Safu ya pili alikaa Maman Nabintu. Yeye ndiye anayeangalia chaudière, tangu mimi niko shule ya msingi. Ana daftari la shule, kalamu ya bic, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akainua mkono.

"Na kama ni Papa Directeur yeye mwenyewe anapiga?"

"Hata yeye, Maman."

"Na kama iko analia?"

"Hata akilia."

"Na kama iko anakusifu?"

Nikacheka. "Hata akikusifu mpaka kesho."

Akaandika. Polepole, neno kwa neno. Mimi nikawaza moyoni: pole mama wa watu, atakuwa amesahau kabla ya chakula. (Niliwaza hivyo kweli. Mungu anisamehe.)

Kisha nikaharibu. Kwa nini sikunyamaza pale pale? Nilikuwa na furaha, watu wanapiga makofi, mdomo ukateleza: "Kabla ya jioni nitawajaribu! Nitapigia mmoja wenu nikijifanya mtu mwingine. Na ninyi pia mnijaribu mimi, ruhusa iko! Lakini mimi bado hakuna mwenye alinipata."

Nikaanza kazi. Nikampigia mtunza stoo nikijifanya wa benki. Akaniambia nikaongee na mama yangu, akakata. Safi! Nikampigia Maman Nabintu. Nikaikaza sauti, nikawa mwanaume, fundi kutoka Kinshasa.

"Ee papa, pole na kazi," akajibu kwa upole. "Uko wapi? Ninakuya na miguu yangu."

"Hapana, niko mbali, nipe tu..."

"Ingénieur, ile sauti ya kiume iko mbaya. Kunywa tangawizi."

Nilifurahi hadi nikapiga meza! Mnajua raha ya kufundisha mtu kitu asubuhi na kukiona kikifanya kazi kabla ya jua kufika katikati? Nikaenda kula nikitembea kama nina chemchemi chini ya viatu.

Kwenye meza: fufu, mboga ya lengalenga, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nimebeba sambaza wa kwanza, simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, laini, ya Kinshasa kabisa.

"Allô, mbote! Ni ingénieur Nsimire? Niko secrétaire ya patron mukubwa, mwenye usine."

Nikasimama. Na sambaza mkononi.

"Papa Directeur ametupigia asubuhi," akaendelea. "Anasema amekata waya na pampu haikusimama! Patron anasema kazi kama hii hajaona. Anataka ufanye na zile usine zake zingine mbili."

Viwanda viwili! Nikasema asante, nikasema Mungu ni mkubwa, nikasema asante tena.

"Sasa, ingénieur, kuko kashida kadogo. Patron iko na wageni mbele yake, anataka kuwaonyesha mashine kwa écran, kwa skrini yake. Mulango inakataa. Iko anaona haya. Directeur hashiki simu. Utuokoe, dakika moja tu."

Ndugu zangu. Mtu ana haraka. Ametaja jina kubwa. Anaomba neno la siri. Na mimi, niliyeyasema hayo yote saa mbili kabla, nikiwa nimesimama mbele kama askofu, nikajibu: "Una kalamu?"

Sikumpa tu. Nilimtajia herufi moja moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia! "N kubwa, kama Nsimire." Mwishoni nikamshukuru kwa kunikumbuka.

"Ni siye tunashukuru," akasema. "Kula muzuri."

(Alijuaje kwamba nakula? Sikujiuliza. Kichwa kilikuwa tayari kwenye zile usine mbili.)

Nikampigia mama yangu papo hapo. Akapiga vigelegele kwenye simu. Kabla sijamaliza sahani, kikundi chake chote cha kanisa kilikuwa na habari, na Jumapili wanakuja nyumbani na zawadi. Hilo nitalitatua vipi, sijui.

Saa tisa. Chumba kilekile, makreti yaleyale. Mkurugenzi amekaa, karatasi mbele yake, kalamu imeshafunguliwa. Mimi natabasamu kama niko kwenye picha ya pasipoti ya furaha.

"Mbele ya kutia sahihi," akasema, "Maman Nabintu iko na neno."

Akasimama. Akavaa miwani. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya kufungia sabuni, akakinyoosha kwenye paja.

"Ingénieur, ulisema tukujaribu. Nilikujaribu."

Kisha, kwa ile sauti laini ya Kinshasa: "Allô, mbote!"

Akaanza kusoma.

"N kubwa. S. I. M..." Kwenye N nilikuwa bado na tumaini. Kwenye S tumaini likafa. Alisoma hadi mwisho, bila kuruka hata herufi, kisha akaliunganisha ili wote wasikie vizuri: "NsimireBingwa. Na moja."

Wote wakanigeukia.

"Bingwa?" akauliza mkurugenzi.

Chumba kikalipuka! Mtunza stoo alianguka kutoka kwenye kreti, kweli alianguka. Mlinzi wa geti alikuja mbio akidhani kuna ajali. Wakamweleza, akashika ukuta akateremka nao taratibu hadi chini. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mlango wa chaudière, niingie nikachemke.

Halafu mkurugenzi akaifunika kalamu. Kicheko kikakatika.

"Ni kusema, mutu yeyote angeweza kusimamisha usine yangu kwa telefoni?"

Nilitamani kusema hapana. Nikaangalia zile nyaya nilizozivuta kwa mikono yangu, miezi mitatu, kwenye joto na soda kali ya sabuni.

"Ndiyo, Papa. Leo, kupitia mimi, angeweza."

Ni Maman Nabintu aliyeniokoa pale.

"Papa Directeur, kazi ya huyu mutoto iko nguvu. Asubuhi umekata waya, ulishindwa. Mimi kwa ule mulango nisingeweza kufanya kitu. Sijui hata kuwasha ordinateur, ile kompyuta. Sasa asubuhi sikujua hii mambo, saa sita nimemukamata mwalimu. Kama haya si mafundisho muzuri, ni nini?"

Mkurugenzi akamtazama. Akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, na machozi ya kicheko yakamtoka hadi akavua miwani.

Ametia sahihi! Eh, ametia sahihi, nyinyi! Lakini ameongeza mistari miwili kwa mkono. Wa kwanza: neno la siri libadilishwe pale pale, na kuanzia sasa nusu naishika mimi, nusu anaishika Maman Nabintu, mlango haufunguki bila sisi wawili. (Kwa kweli ni wazo zuri sana. Inaniuma kwamba si langu.) Wa pili: Jumatatu mafunzo yanarudiwa, Maman Nabintu anafundisha, na mimi nakaa mbele kabisa, na daftari.

Wakati wa kutoka nilimuuliza Maman Nabintu ile sauti na ile namba alivitoa wapi. Akasema simu aliazima jikoni, ndiyo maana alijua nakula; na sauti, aliishi Kinshasa kwa dada yake miaka minne, akiuza mikate, na kule usipoongea tamu huuzi. Akanishika mkono, akanipa sabuni mbili za kunawia, akasema nisilie, uso utakuwa mubaya kwa picha ya kukabidhi kazi.

Sasa nyinyi mnaosoma, naomba msicheke. Au chekeni haraka mmalize, kwa sababu Jumatatu nina darasa saa mbili asubuhi, na mwalimu wangu ameshaniambia anaanza na mtihani wa mdomo.