Majeruhi Haguswi

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu, kuanzia kofia hadi kisigino. Naapa kwa miwani yangu ya kusomea. Mke wangu haamini. Anasema tangu nistaafu sijawahi kusimulia jambo likabaki na kimo chake. Basi tumewekeana dau: akikuta humu uongo, mmoja tu, kiti changu cha dirishani, kile chenye mto wa mgongo, kinakuwa chake moja kwa moja. Nimekubali bila kusita. Msema kweli aogope nini?

Palikuwa na jamaa mjini kwetu aliyeitwa King'ora, kwa sababu ukimsikia anakuja ilibidi upishe njia, la sivyo ulijikuta umenunua kitu. Aliwahi kuuza mwavuli wenye dirisha. Aliwahi kuuza maji ya kuondoa usingizi, ambayo yalikuwa maji. Siku hizo alilala kwa dada yake mkubwa, fundi nguo, kwenye chumba cha cherehani. Miguu chini ya meza, kichwa juu ya furushi la suruali za wateja.

Dada alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkasi mkubwa. Asubuhi moja akauweka mkasi mezani.

"Mdogo wangu, shemeji yako amevumilia. Mimi nimevumilia. Hata hii cherehani imevumilia. Ijumaa uje na kazi yenye kitambulisho cha kuvaa shingoni, au uje uchukue godoro lako."

"Dada, mimi ni mtu wa mipango..."

"Shingoni, nimesema. Nikione kwa macho yangu haya."

King'ora akatoka kwenda kunyoa, maana mtu anayefukuzwa hapaswi kufukuzwa na nywele ovyo. Kiti cha pili pale kwa kinyozi alikaa Mzee Dakika, mwenye duka kubwa la saa, mtu aliyewakata wafanyakazi mshahara kwa kupiga chafya ndefu. Alikuwa na povu mashavuni na hasira juu ya povu.

"Bima wameniletea vijana wenye tai," alilalamika. "Eti wafanyakazi wangu wafundishwe huduma ya kwanza na jinsi ya kutoka nje moto ukitokea. Wasipofundishwa, bima basi! Nimeulizia walimu wenye ujuzi. Jamani, bei zao! Utadhani wanafufua maiti."

"Tafuta wa bei poa, mzee," kinyozi akasema.

"Nimtoe wapi?"

King'ora, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado msitu, akainua mkono kutoka chini ya kitambaa.

"Mzee wangu, samahani kwa kuingilia. Unaongea na mtu aliyestaafu maafa."

Siku iliyofuata alikuwa amejipatia kijitabu cha huduma ya kwanza, na akakisoma kwa bidii ambayo, angeionyesha shuleni, leo angekuwa waziri. Alipofika ukurasa wa kutoka nje wakati wa moto, alikaribia kutokwa na machozi. *Kengele ikilia, acha kila kitu. Usichukue mkoba. Usirudi nyuma. Uhai kwanza, mali baadaye.* Akaisoma tena kwa sauti. Kumbe duniani kuna sheria inayowaamuru watu watoke dukani na kuacha kabati wazi! Na katikati ya duka la Mzee Dakika kulikuwa na kabati la kioo lililojaa saa za dhahabu, ambalo King'ora alikuwa amelibandikia pua mara nyingi kuliko mlinzi.

Alipofika kwenye usaili akakuta si peke yake. Kwenye benchi la ofisini alikaa mama mmoja mnene, mwenye koti jeupe, tabasamu la uuguzi na begi lenye msalaba mwekundu. Alijitambulisha kwa jina la Sista Bandeji. Mzee Dakika aliwaita wote wawili kwa pamoja, kuokoa muda.

"Haya. Historia zenu za kazi. Kwa kifupi."

"Gari la wagonjwa," King'ora akaanza. "Nimekula humo, nimelala humo." Na ni kweli kabisa, lilikuwa gari bovu, bila magurudumu, nyuma ya gereji, na alilala humo dada alipomfukuza mara ya kwanza.

"Mimi nimefunga majeruhi mpaka vidole vikaota sugu," Sista akajibu.

"Nimezima moto wa jiko zima la hoteli." Kweli tena. Hakusema nani aliuwasha.

"Mafuriko?" Mzee Dakika akauliza.

"Nyumba nzima, bosi, maji magotini, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika." Alikuwa wa kwanza kwa sababu ndiye aliyeacha bomba wazi. Dada yake hajasahau mpaka leo.

Sista Bandeji akatabasamu tu, akalaza mikono juu ya begi. King'ora akaona amebanwa. Akatunga tetemeko la ardhi palepale, kubwa, la alfajiri, lililoangusha minara na kukausha visima.

"Ah, lile!" Sista akatikisa kichwa kwa huzuni. "Usinikumbushe. Wewe ulikuwa upande gani?"

King'ora akabahatisha. "Kusini."

"Ndiyo maana hatukuonana. Mimi nilikuwa kaskazini."

Wakatazamana. Tetemeko lile halikuwahi kutokea popote isipokuwa kichwani mwa King'ora, tena lilikuwa bado na joto. Hapo wakafahamiana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mzee Dakika naye alikuwa na lake. "Nyote mnafaa. Nitawachukua wawili kwa bei ya mmoja."

Wakakubali haraka mno, na mtu mwingine angeshtuka. Yeye akafurahi.

Huko nje, kwenye kivuli cha ukuta, mambo yalipangwa kwa kunong'ona.

"Kabati la kioo?" Sista akauliza.

"Kabati la kioo," King'ora akajibu. "Mimi nawatoa watu nje, wewe unabaki ndani ukijifanya majeruhi."

"Kaka yangu, hebu niangalie. Mimi nikilala pale, wale vijana wataniangalia wakijiuliza watanibebaje. Majeruhi uwe wewe. Nakufunga kwenye ubao kwa fundo la kuteleza, ukivuta ncha kwa kidole linaachia. Nawapeleka uani. Unaamka, unajaza begi, unalala tena. Tunakutoa mlango wa mbele kama mfalme, begi likiwa chini ya magoti."

King'ora akawaza kidogo. Yaani yeye ndiye angezishika saa kwanza, peke yake, bila mtu wa kumtazama mifukoni? Akaona mama wa watu ana akili nzuri sana.

Siku ya mafunzo wafanyakazi walisimama mstari kati ya makabati: mafundi saa na miwani yao ya kukuza, binti wa kaunta mwenye kucha nyekundu, mlinzi, na Mzee Dakika mwenyewe pembeni akitazama saa ya ukutani kila mara. King'ora alifundisha vizuri, na hapo ndipo alipojimaliza. Mdomo ulipopata moto haukukubali kusimama.

"Jamani, adui mkubwa ni huruma! Aliyeumia shingo haguswi. Haguswi mpaka mwalimu mkuu arudi. Atawalilia: nifungueni, niko mzima. Msimsikilize! Atasema ameibiwa, atawataja wezi kwa majina. Huko ni kuchanganyikiwa. Mnamwuliza leo ni siku gani. Akishindwa kujibu, mnakaza kamba."

"Mwalimu mkuu ni nani?" binti wa kaunta akauliza.

"Leo ni Sista, kwa sababu mimi ndiye majeruhi."

Akalala ubaoni. Sista Bandeji akafungua begi, na ikaonekana kwamba kwenye jambo la kufunga hakudanganya. Kitambaa kigumu shingoni. Vibao miguuni. Mikono yote miwili ikalazwa mbavuni na kuzungushiwa bandeji mpaka jamaa akafanana na mto wa kitandani. Fundo la mwisho akalifunga kwa meno.

"Ncha iko wapi?" King'ora akanong'ona.

"Ipo ipo, kaka yangu. Tulia."

Kengele ikalia. Lazima niwasifu wafanyakazi wale: waliacha kila kitu. Mikoba, chai, na funguo zikining'inia kwenye kabati la kioo. Mlinzi aliacha hata kiatu. Wakatoka uani nyuma ya Sista Bandeji, aliyewapanga, akawaamuru wafumbe macho na wavute pumzi polepole mpaka awaite, akarudi ndani kumwangalia majeruhi.

Majeruhi alikuwa anatafuta ncha. Kidole kilikwenda juu, kikaenda chini, kikakuta bandeji tu.

"Sista! Hili fundo halitelezi!"

"Limekataa?" Alikuwa tayari kwenye kabati, akikusanya saa kama mtu anayechuma mboga. "Pole. Siku hizi bandeji hazina ubora."

"Sista, mimi ni mwenzio! Kumbuka tetemeko!"

"Nakumbuka, kaka yangu. Ndiyo maana nakuacha upande wa kusini, mimi naelekea kaskazini." Akampapasa shavu kwa upole wa kweli wa muuguzi, akabeba begi lake, akatoka mlango wa mbele. Kengele ndogo ya mlangoni ikaita *kling*, kama mteja mwema ameondoka.

King'ora akapiga kelele zilizostahili jina lake. Kule uani zilisikika vizuri kabisa.

"Ametuibia! Nifungueni! Sista ametuibia!"

"Mnasikia?" fundi mmoja akasema, macho yamefumbwa. "Ameanza. Kama alivyosema mwenyewe."

"Anaigiza vizuri huyu mtu," mlinzi akakiri.

Walikaa huko wakivuta pumzi mpaka Mzee Dakika akapiga hesabu ya mishahara inayovutwa pamoja nayo, akawarudisha ndani. Wakamzunguka majeruhi.

"Binti, nakuomba, kata hii kitu!"

Binti wa kaunta akapiga magoti. "Mwalimu, tulia. Leo ni siku gani?"

"Siku ya kuibiwa!"

"Hajui siku," akawaambia wenzake. "Kazeni."

Wakakaza. Ndipo Mzee Dakika alipogeuka, akaliona kabati likiwa wazi na tupu. Uso wake ukawa na rangi ya majivu, kisha, jambo la ajabu, ukatulia.

"Twende polisi, bosi!" mlinzi akaruka na kiatu kimoja.

"Hakuna polisi! Nendeni mkanywe maji. Nyote!"

Walipotoka, mzee akachuchumaa kando ya ubao. King'ora alikuwa amejaa uchungu mpaka akasahau yeye ni nani.

"Bosi, piga simu. Yule mama hajafika mbali. Dhahabu yote ile!"

"Polisi watauliza niliinunua wapi."

"Kwani uliinunua wapi?"

Mzee Dakika akatazama sakafu. "Kwa muuza rangi. Mtaa wa nyuma. Kopo moja linatosha kabati zima."

Halafu ubao ukaanza kutikisika. King'ora alikuwa anacheka, bandeji na vibao vyake vyote vikicheka naye. Alicheka kwa ajili ya Sista Bandeji, aliyekuwa anakimbia mji mzima na begi la bati. Alicheka kwa ajili yake mwenyewe, aliyefungwa kwa sababu ya kopo la rangi. Na alipomaliza kucheka, biashara ikamrudia kichwani.

"Bosi, unajua majeruhi wa shingo huropoka. Anaweza kusema jambo lolote, mbele ya mtu yeyote. Hata vijana wa bima."

"Unataka nini, mwizi we?"

"Kazi. Yenye kitambulisho cha kuvaa shingoni. Leo."

Mzee Dakika akakuna kidevu. Mtu huyu hangeweza kushtakiwa kwa wizi, maana alikutwa amefungwa kama furushi. Bima nao walitaka Ofisa Usalama, jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa ubahili tu.

"Nakupa," akasema mwishowe. "Ila bima wanataka mazoezi kila mwezi, na kila zoezi linahitaji majeruhi. Majeruhi ni wewe. Na hawa vijana wangu umewafundisha kukaza."

King'ora akafumba macho. Aliliona godoro lake barabarani, akauona ubao, akapima.

"Sawa, bosi."

Wakapeana mkono kwa nguvu, kama waungwana, na mambo yakaisha.

Kumfungua ndiko kulikoshindikana. Wafanyakazi waligoma kabisa: mwalimu mkuu hajarudi, na majeruhi haguswi. Wakambeba na ubao wake, mlinzi mbele, mafundi nyuma, wakakatiza sokoni huku watu wakitoa pole, mpaka mlangoni kwa dada yake. Juu ya kitambaa kigumu cha shingo, kwenye utepe wa bluu, kilining'inia kitambulisho kipya.

Dada akatoka na mkasi wake. Akamtazama mdogo wake kuanzia utosini. Akakishika kitambulisho, akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma.

"Ni cha kweli?"

"Cha kweli, dada. Kata basi."

Dada akautazama mkasi, akamtazama yeye, akaurudisha mfukoni.

"Mwingizeni ndani," akawaambia wale vijana. "Nitamfungua kesho. Tangu azaliwe sijawahi kumwona ametulia hivi."

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta, nikanyoosha miguu, nikauegemea mto wangu wa mgongo. Mke wangu akazichukua karatasi, akasoma bila kucheka hata mara moja, ambayo kwake ni dalili mbaya. Akafika mwisho. Akarudi nyuma.

"Baba watoto, mikono yake ilifungwa mbavuni?"

"Yote miwili. Nimeandika waziwazi."

"Na mpaka anafika kwa dada yake alikuwa hajafunguliwa?"

"Hata uzi mmoja."

"Basi ule mkono aliopeana na bosi wake, aliutoa wapi?"

Nilifikiria sana. Nilijaribu kusema bosi alishika kidole gumba cha mguu. Akanitazama vilevile, akasimama, akaja upande wa dirishani, akangoja.

Dirishani kunapendeza, ananiambia. Upepo ni mzuri, na mtaa wote unaonekana. Mimi nalazimika kuamini maneno yake, maana mistari hii naimalizia jikoni, juu ya kigoda, na mgongo unauma kikweli kweli.