Magodoro Kumi Katika Filamu ya Magodoro Tisa

Muyinga, mtaa wa nyuma ya soko
27 Agosti 2001

Kwa Bwana Direkta wa Chuo, Gitega
Yahusu: filamu fupi ya wanafunzi wako, na mtu mmoja anayeonekana ndani yake bila kualikwa

Bwana Direkta mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, umeketi, na mlango umefungwa, maana yamo mambo yasiyofaa kusomwa na katibu wako. Mimi ni Houssein Kassimu, muuza magodoro wa pale mbele ya soko la Gitega. Unanijua. Godoro unalolalia wewe na mama watoto lilitoka kwangu, na hujawahi kulilalamikia. Leo ni zamu yangu kulalamika, na ninalalamika nikiwa Muyinga, kwa dada yangu Pili, mahali ambapo sikupanga kuwa.

Kwanza kisa chenyewe, usije ukakipata kwa watu. Wanafunzi wako wa mwaka wa pili wanatayarisha filamu ya dakika kumi na mbili kuhusu familia inayokimbia vita. Kiongozi wao ni binti aitwaye Raissa, mwenye adabu nyingi na maswali mengi zaidi. Alikuja dukani akaazima magodoro tisa ya mazoezi, nikampa. Mazoezi yalikuwa ya Jumamosi. Yakafanyika Alhamisi, siku ya soko, bila mimi kuambiwa. Watu tisa wakashuka barabara ya juu, magodoro kichwani, mwendo wa haraka, hawasemi neno. Bwana Direkta, wewe ni mtu wa Gitega. Miaka hii mtu akipita na godoro kichwani hatumuulizi anakwenda wapi, tunajiuliza tuchukue nini. Kufumba na kufumbua soko zima lilikuwa barabarani, nami nikiwa sehemu ya soko. Kamera yenu ikachukua yote.

Basi, malalamiko yangu ni haya:

1. Kubadilisha siku. Nimeambiwa kwamba kamera ni ya mpiga picha wa harusi, na Jumamosi alikuwa na harusi. Yaani vita vilirudishwa nyuma siku mbili ili bibi harusi asikose picha. Sipingi harusi. Lakini mtu aliyeniazima mali yangu tisa alishindwa kutuma hata mtoto kuniambia, "Mzee, vita ni leo." Wenye vita halisi nao hawatupi taarifa, kweli, ila wao hawajaazima kitu kwangu.

2. Wanafunzi wako wanasikiliza kupita kiasi. Wakati wa maandalizi Raissa aliniuliza watu walikimbia vipi mwaka wa tisini na tatu. Nikamweleza kwa moyo mweupe. Nikamwambia anayepiga kelele bado ana nafasi, anayekimbia kweli hunyamaza. Nikamwambia sufuria hufungwa kwa kitenge ili isilie, watoto hutangulizwa, na hakuna anayegeuza shingo. Akaandika kila neno. Halafu, Bwana Direkta, wakafanya kila neno. Sikusikia kelele, sikusikia sufuria, sikuona shingo iliyogeuka. Nikasema moyoni, hawa wanakimbia kikweli, mimi nawajua watu wanaokimbia kikweli. Chuo chako kingewafundisha kuacha makosa mawili matatu, ili aliyewafundisha apate pa kuwatambulia.

3. Hesabu ya magodoro. Jirani yangu Akilimali, Mkongo wa Bukavu anayeuza betri za redio, alifika hapa Muyinga kutafuta wateja siku nne baada yangu, akanipa habari kwamba yote yalikuwa mazoezi. Akasema pia kwamba kaseti inaonyeshwa chuoni kila jioni, na watu wanahesabu. Yaliyoazimwa ni tisa. Yanayoonekana ni kumi. La kumi liko juu ya kichwa changu.

Sikatai, maana godoro halitembei lenyewe. Ninachokataa ni tafsiri. Mali yangu tisa inapita mbele ya macho yangu siku isiyo yake. Mfanyabiashara gani angebaki ameketi? Nililichukua la kumi liwe kielelezo, nipate kuyalinganisha na yale tisa mbele ya polisi. Watu wanasema, mbona kwenye kaseti Houssein yuko mbele ya hayo magodoro anayoyafuata? Ndiyo, nilikuwa mbele. Kitu hakisimamishwi kwa nyuma. Nilitangulia ili niyangojee. Nikayangoja njia panda, hayakuja. Nikapanda gari la Bahati, lile pikapu jeupe, nikayangoja Karuzi, hayakuja. Ndipo nikaona ni busara kuyangojea Muyinga.

Na bariyerini, kwenye kizuizi cha njiani, askari alituuliza kuna nini Gitega. Tulikuwa ishirini na sita juu ya pikapu moja, na hapakuwa na aliyejua. Bibi mmoja akasema limetokea Mutaho. Mwingine akamkatiza, "Mutaho wapi, limetokea Bukirasazi, mimi nimeona." Askari akanigeukia, "Na wewe mzee wa godoro, umeona nini?" Nikamjibu kwa ukweli mtupu kwamba nimeona magodoro. Akatutazama kwa huruma, akainua mti.

4. Sauti. Hapa ndipo panaponiuma. Katika kaseti hiyo mke wangu Fatouma anaonekana mlangoni mwa duka, birika mkononi, akiita: "Baba Zuhura. Baba Zuhura, na mimi je?" Akilimali anasema inasikika vizuri kuliko redio mpya. Naomba ieleweke kwamba duka haliachwi peke yake, na kwamba nilimkabidhi Fatouma duka kwa jicho. Watu waliokaa pamoja miaka ishirini na miwili hawahitaji hotuba. Kamera haikuonyesha jicho hilo kwa sababu jicho lilikuwa chini ya godoro, na huo ni upungufu wa aliyepanga mahali pa kuweka kamera. Angeiweka chini kidogo, leo ningekuwa nyumbani kwangu.

5. Matokeo. Raissa, kwa ile adabu yake, alimwalika Fatouma chuoni akaone kaseti. Fatouma akaiona mara moja, akaomba irudiwe, akaiona tena, akaenda nyumbani. Asubuhi yake Akilimali alipita kuaga kuja huku, akapewa furushi. Pili alilifungua mbele yangu akatoa kitu kimoja kimoja kitandani. Akasema, "Kaka, mwanamke akikutumia soksi, amekasirika. Huyu amekutumia kanzu ya Idi." Halafu Akilimali akafikisha maneno, huku anaangalia ukuta: "Mama Zuhura anasema hivi. Mwaka ule hatukukuwa na matela ya kulalia, lakini bwana nilikuwa naye. Sasa matela iko, bwana hayuko. Basi akae na matela yake." Kisha akaongeza la kwake mwenyewe: "Mi sina yangu hapo, Mzee Houssein, mi nabeba tu."

Bwana Direkta, mwaka ule tulikimbia mikono mitupu. Tulilala juu ya simenti ya darasa moja miezi minne, Fatouma ana mimba ya Zuhura, akiamka asubuhi nyonga imekaza hawezi kusimama bila kushika ukuta. Tulipotoka pale nilianza kuuza magodoro. Sikuwa na mtaji wala mjomba, nilianza kwa kushona mifuko na kuijaza majani makavu. Niliapa kwamba siku nyingine ikija, mke wangu hatalala chini. Siku nyingine ikaja, na mikono ikatimiza kiapo kabla kichwa hakijakumbuka kiapo kilikuwa cha nani. Hilo kamera haikulichukua pia.

6. Mgawanyo wa dakika. Pesa za filamu hii zimetoka kwa watu wa msaada, na bango lao linasema "amani". Wakati ule wa maandalizi nilimwomba Raissa anisomee mpango wa filamu. Dakika kumi na moja ni za vita. Dakika moja ni ya amani, yaani watu wawili wanapeana mikono na watoto wanafukuza mpira. Nikamuuliza, mwanangu, mbona vita mnavifanyia mazoezi wiki nzima, na amani haina zoezi hata moja? Akanijibu, "Baba, amani ni rahisi, tutaichukua jioni ya mwisho kama mwanga utabaki." Ndivyo wakubwa wetu wanavyosema kila wakitoka kwenye mazungumzo ya Arusha. Kukimbia katika nchi hii hata mtoto wa kunyonya anajua. Kama kuna jambo linalohitaji mazoezi, kipaza sauti na mtu wa kupiga makofi "rudia", ni ile dakika moja.

Kwa hiyo, Bwana Direkta, naomba kwa heshima zote kaseti hiyo ifutwe kabla ya sherehe ya chuo ya mwezi ujao, ambako nasikia watakaa wazazi wote, msimamizi wa komini, na wateja wangu.

Ikiwa haiwezekani kuifuta, basi naomba hati yenye muhuri wa chuo, ikithibitisha kwamba mimi nilikuwa mwigizaji wenu, kwamba nilipewa nafasi ya mume mwoga, na kwamba kila hatua niliyopiga hadi Muyinga niliipiga kwa maagizo ya chuo. Nakala mbili. Moja apewe Fatouma mkononi, nyingine Akilimali aisome sokoni, kwa kuwa habari ya kwanza ameitangaza yeye na sauti anayo.

Na kwa kuwa hati hiyo itakuwa imethibitisha kwamba nilikuwa mwigizaji, haki inadai jina langu litangulie majina mengine mwanzoni mwa filamu, kwani wale tisa waliigiza wakijua, mimi peke yangu niliigiza bila kuharibu kwa kujua. Na kwa kuwa mwigizaji mkuu ana haki ya kushauri, nashauri chuo chako kipigwe marufuku kubeba godoro la aina yoyote, kwa mkono, kwa kichwa au kwa baiskeli, ndani ya mji wa Gitega. Wanafunzi wapya wa bweni waje na mikeka, na mikeka hiyo iwe imekunjwa ndani ya gunia, na gunia liandikwe kwa herufi kubwa HAKUNA KILICHOTOKEA. Najua biashara yangu itaumia kwa shauri hili. Bora iumie hiyo.

Nakuachia hapo. Nisalimie mama watoto, walimu, mlinzi wa lango, na yule mpiga picha wa harusi, ambaye nasikia bibi harusi wake alitoka vizuri. Raissa naye msalimie, sina ugomvi na adabu yake. Dada Pili anakusalimu ingawa hakujui, na anauliza lini nitaondoka.

Mimi aliyepata hasara,
Houssein Kassimu
muuza magodoro, kwa sasa Muyinga

Nyongeza. Bwana Direkta, barua ilikuwa imefungwa nikimsubiri Bahati aichukue. Amefika sasa hivi na ujumbe wa Raissa, nimelazimika kuifungua. Binti huyo alikwenda kwa Fatouma kuomba ruhusa ya kuitumia ile sehemu ya mlangoni. Fatouma amekataa isitumike, na amekataa pia isifutwe. Amesema irudiwe. Atasimama pale pale mlangoni, ataita kama alivyoita, na mimi niwepo. Safari hii nikiitwa nigeuke, nirudi, nimshike mkono, ndipo twende. Na atakayeamua kama nimerudi sawasawa si Raissa wala mwalimu wake, ni yeye, na tutaanza upya hadi aridhike. Baada ya hapo ndipo atasema kama kanzu yangu ina pa kutundikwa.

Kwa hiyo yote yaliyoandikwa hapo juu yasihesabike, hasa kifungu cha tatu na cha nne. Nasikia tangu Akilimali arudi huko mmeanza kumjaribu katika nafasi yangu. Msimpe. Goti lake bovu, na Fatouma hawezi kumwita "Baba Zuhura" mbele ya watu. Ninatoka kesho na msafara wa asubuhi. Ila Raissa anasema zimebaki kaseti mbili tu, na mimi namjua mke wangu. Tafadhali, Bwana Direkta, ongezeni kaseti.