Meno ya Mama Mkwe na Kastadi ya Kitunguu Saumu

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mama mkwe anahama. Anakwenda kuishi kwa dada yake, na nyumba yake ya vyumba vitatu, yenye baraza na tangi la maji, atamwachia mmoja wa binti zake wawili. Atamtaja Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kila binti ameambiwa aje na kitu alichopika. Mama hakusema kwamba ni mashindano. Kwani lazima aseme?

Mke wangu anasema tupeleke chakula cha kawaida, tumwache mama aamue kwa moyo wake. Huyu mwanamke hana siasa hata chembe! Tunaishi chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo jiko. Mpinzani wangu ni mwanyumba, yaani mume wa shemeji yangu mkubwa. Anauza bima. Sauti ya asali, viatu vya ncha. Nimesikia atapeleka mbavu za kuoka.

Mbavu! Nimekaa nikafikiri. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Meno ya mama mkwe yalivunjika mwezi uliopita, na mapya anatengenezewa na nani? Na mimi. Yamebaki kung'arishwa tu. Bila meno hayo, mbavu za mwanyumba atazitazama kwa macho.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeyang'arisha. Kazi safi, acha nijisifu mwenyewe. Kisha nikayafunga kwenye kitambaa, nikayatia mfukoni mwa aproni yangu. Nikampigia mama mkwe kwa sauti ya huzuni, nikamwambia plasta ya kuchukulia umbo la meno imenisumbua, avumilie hadi Jumatatu. Akasema hakuna neno, uji ameshauzoea. Nikaona haya. Kidogo. Nilipomaliza kunywa chai, haya ilikuwa imeniisha.

Sasa natafuta chakula cha kuliwa kwa ulimi mtupu. Mteja wetu mmoja, mpishi wa hoteli, amenipa siri: kastadi isiyo na sukari. Mayai, krimu, chumvi, na maziwa yaliyochemshwa na kitunguu saumu mpaka kikalainika. Unachuja, unamimina vikombeni, unaoka polepole ndani ya sinia la maji ya moto. Nyumba hiyo naiona kabisa. Nimeshachagua ukuta wa kutundika picha yangu.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Kuchemsha kitunguu saumu nikaona ni kupoteza muda, nikakitwanga kibichi. Vichwa vizima. Sinia la maji nikaona ni madaha ya hotelini. Moto nikaufungulia wote.

Kimetoka kitu cha kijivu chenye matundu. Ukikiminya kinatoa maji. Mke wangu alionja, akaenda kufungua dirisha. Jirani akafunga la kwake.

Alhamisi, 6 Juni

Karakana nzima inanikwepa. Bosi ameniamuru nivae barakoa mbili, moja kwa ajili ya kazi na moja kwa ajili yake. Halafu akaniuliza meno ya mama mkwe yamefikia wapi, maana mama amepiga simu ofisini. Nikajifanya hamnazo. Nikasema nimeona ufa. Bosi akataka kuuona. Nikakohoa kuelekea kwake, akaondoka mwenyewe.

Jioni, jaribio la pili. Mara hii nilimtii mpishi neno kwa neno, nikasaidiwa na kipimajoto cha karakana, nilichokiazima bila kumsumbua mtu kwa maombi. Imekubali! Laini, inatikisika kidogo katikati, harufu ya kitunguu saumu imetulia. Mke wangu alikula, akaongeza, akanishika bega. Mwaka huu alikuwa bado hajanishika bega.

Tatizo moja. Imegoma kutoka kikombeni. Nilipoikwangua ikavurugika, ikawa kama chakula kilichokwisha kuliwa. Mke wangu akasema tuile humo humo kikombeni, kuna ubaya gani? Ubaya ni mwanyumba! Nataka isimame sahanini imtazame. Basi, akasema, pakaza siagi ndani kabla ya kumimina. Ameniwekea siagi mezani.

Jumapili, 9 Juni. Usiku

Naandika kwa uchungu.

Asubuhi nilioka vizuri. Nikavaa aproni yangu ya kazi, nyeupe, ili nionekane mpishi, tukaenda. Mbavu za mwanyumba zilikuwa zinang'aa kwenye sinia. Mama mkwe alizitazama kwa muda, akameza mate, akazisukuma mbele. Roho yangu ikacheza. Nikainuka. Nikapindua kikombe cha kwanza, kastadi ikateleza yenyewe ikasimama. Cha pili vilevile. Hata mwanyumba alisahau kutabasamu.

Mama mkwe alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Kisha midomo yake ikaanza kutoa povu.

Povu! Dogo, jeupe, linaongezeka. Mke wangu akaninong'oneza, akitaka kujua nimepakaza nini. Nikamjibu siagi. Akasema siagi aliiacha mezani nyumbani, na tulipotoka ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Hapo nikakumbuka. Karakanani, kabla hatujamimina plasta kwenye kalibu, tunapaka maji ya sabuni kwa brashi ili isinate. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi. Leo asubuhi nilikuwa naota baraza na tangi la maji, mkono ukajifanyia kazi yake uliyoizoea.

Mke wangu akaivuta aproni kiunoni mwangu amfute mama yake. Kile kitambaa cha mfukoni kikadondoka mezani, kikafunguka. Meno yakatua kando ya mbavu.

Mwanyumba, kwa ile sauti yake ya asali, akauliza kama hayo si ndiyo yaliyosumbuliwa na plasta.

Mama mkwe akasukutua povu. Akayaosha meno kwa maji ya glasi, akayavaa, akayagonganisha mara moja. Akachukua ubavu. Akautafuna mpaka mfupa ukawa mweupe. Akachukua mwingine. Halafu akaanza kulia.

Akasema tangu meno yavunjike amekuwa akinywa uji chumbani, mlango umefungwa, kwa kuwaonea haya majirani. Hakutarajia mapya yamkae; alikuwa anahama kwa sababu hiyo tu, akaishi kwa dada yake pasipo na jirani wa kumjua. Sasa haoni sababu. Nyumba ni yake na atakaa mwenyewe. Akanishika mkono, akasema hajawahi kupata meno yaliyomkaa hivi. Hakupumua, akaongeza kwamba mimi ni mpumbavu.

Machozi yake yaliniuma, sitaki kudanganya humu. Siku tano nimetembea na furaha ya mama wa watu mfukoni. Nyumba tumeikosa, na aliyetukosesha ni fundi hodari, yaani mimi. Kitu pekee kilichonipoza ni uso wa mwanyumba. Ulimshuka mpaka kwenye viatu.

Nimeapa. Ujanja basi.

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe alikuja karakana akitabasamu kwa meno yote. Yanambana kidogo upande wa kushoto, anaomba niyapunguze. Ni kazi ya dakika chache, nikachukua tupa nianze.

Akakaa kwenye benchi akipiga soga. Akasema jana alikuwa anatazama chumba cha uani, kikubwa, kitupu. Anafikiria kumwalika binti mmoja na mume wake wakae naye. Yupi, bado hajui. Ataona Jumapili, amewaalika tena wote. Mwanyumba ameahidi kuleta kuku wa kukaanga.

Nikaiweka tupa chini. Nikayageuza meno mara mbili tatu kwenye mwanga, nikaguna. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba kumbe kazi ni kubwa kuliko nilivyodhani, aniachie hadi Jumatatu ijayo. Akanipa pole kwa kunichosha. Nikamsindikiza mpaka barabarani, kisha nikapitia dukani kununua mayai.