Askari Aliyekataliwa Upande wa Malkia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Saady wa duka la vipuri, kapteni wetu wa chesi, katangaza: Jumamosi Kibondo tunawafuata Kasulu kwao. Meza ya kwanza atakaa mmoja, mimi au Yusta, muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya. Tutacheza keshokutwa. Yusta! Mimi nimefika Bujumbura, nimefika Dar mara mbili, na stendi nzima hakuna wa kunifunga drafti. Hata hivyo nimemwendea Claude, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, anifundishe kushambulia upande wa malkia. Unatoa askari wa bure, adui anamla, njia inafunguka, unaingia. Claude alikuwa bado anaeleza. Nikaondoka. Kichwa changu kinashika haraka.

Jumatano, 11 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimemwekea askofu wa Yusta askari mnono kabisa. Hakumla. Nikangoja. Nikamwambia, "Kula, dada."

"Nimeshiba, kaka."

Kashiba! Kwenye drafti kula ni lazima. Stendi kwetu kete isiyokula inatolewa. Nikamtoa yule askofu, nikamtia mfukoni. Haki yangu! Saady akasema hii si drafti, na kwenye chesi ukigusa kete ya mwenzako lazima uile, kama inalika. Aliyeweza kumfikia askofu ni malkia wangu peke yake. Malkia akala. Askari wa Yusta akamla malkia. Kwa hiyo yeye kula ni hiari, mimi ni lazima! Nimefungwa.

Alhamisi, 12 Juni

Saady simsalimii. Claude anasema alitaka kuniambia kuwa adui anaweza kukataa, ila nilishaondoka. Si angenikimbilia? Jioni Yusta kaja kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, yake imepasuka kioo. Nikaapa simtengenezei. Nimemtengenezea. Mama yake Mbeya angempataje? Lakini nimenuna muda wote, ajue.

Jumamosi, 14 Juni, Kasulu

Nimeletwa kubeba mbao za chesi. Mimi! Kubeba! Yusta kamfunga mfanyabiashara mmoja, Abdulrahmani, kwa upande uleule wa malkia, taratibu kama anachambua maharage. Nimeshangilia mpaka sauti imekauka, ndipo nikakumbuka kuwa nimemkasirikia. Kaanza kunieleza nilipokosea. Nikamkatiza. Nilipokosea napajua: askari alikuwa mdogo, kamdharau. Tunarudiana Jumatano, mshindi achukue meza ya kwanza. Safari hii nampa ngome. Ngome nzima! Hiyo lazima ale.