Mpira wa Maji Ambao Raimundi Hatauona

Jumatano, 14 Septemba 1994. Maguu.

Jana sengu. Ukoo mzima tumekula pamoja kwa baba mkubwa Othmar, na tulipokwisha kunawa akatoa neno: kilima alichoacha marehemu baba atapewa mwanawe atakayekuwa na miche mingi zaidi ya kahawa iliyo hai mvua zikianza. Wana tuko wawili. Mimi na mdogo wangu Raimundi. Nikamtazama. Akatabasamu! Mtu wa hila yule.

Miche yetu iko kitaluni, pembeni mwa nyumba. Anayeimwagilia ni mke wangu Otilia, asubuhi na jioni, ndoo kichwani kutoka chemchemi ya juu, na nyonga yake mbovu. Leo ameteleza. Amekaa chini akicheka, kisha akaacha kucheka. Roho imeniuma kweli. Nikatangaza papo hapo: tunanunua mpira wa maji! Chemchemi iko juu, kitalu kiko chini, maji yatashuka yenyewe. Otilia akasema ninunue ule mweusi, mzito, wenye nyuzi ndani, na niukunje kwanza kabla ya kutoa hela. Ananionaje, mtoto?

Ijumaa, 16 Septemba

Mbinga mjini. Zamani duka la ushirika lilikuwa na mpira wa aina moja, tena ukiwapo. Siku hizi ruksa, maduka yamefurika. Mwekundu, wa njano, mpaka wenye maua! Mweusi nimeuona. Nimeukunja, umekataa. Nimeukanyaga, haukubonyea. Mwenye duka akasema huo watarithi wajukuu. Nilikuwa nimeshaupokea mkononi, ndipo nikamkumbuka Raimundi. Mpira mnene vile unaonekana toka kwake, ng'ambo ya bonde. Atakuja kuuazima. Na kwetu ndugu hanyimwi. Miche yake itanawiri, kilima kwaheri.

Pembeni ulikuwapo wa kijani. Mwembamba, laini, ukiukunja unakunjika kama utumbo wa kuku. Lakini kijani! Ukilala kwenye nyasi nani atauona? Akili hiyo! Nimeununua. Mwenye duka akaniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia afunge mzigo.

Jumamosi, 17 Septemba

Nyasi zote zimekauka. Ni Septemba! Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na nimesahau Septemba ina rangi gani. Mpira umelala kwenye mteremko, unaonekana hata na asiyeutafuta. Otilia ameubonyeza kwa vidole viwili, maji yakakatika.

Sikukata tamaa. Nimefyeka majani, nimeufunika. Tatizo, mstari mmoja wa majani toka chemchemi mpaka kitaluni unajisema wenyewe. Nikaongeza mistari mingine, kisha ya kukatiza, mpaka mteremko mzima ukawa miraba, sawasawa na mtu anayeandaa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia maharage. Raimundi akapita. Shikamoo kaka. Marahaba. Akauliza ni ngoro gani hizo za Septemba. Nikamjibu kwamba najaribu kilimo cha kisasa. Akatikisa kichwa, akaenda zake, na maji yanapita karibu na miguu yake! Jioni Otilia amekaa, hajabeba ndoo. Nimelala mshindi.

Jumanne, 20 Septemba

Ole wangu. Jana nilikwenda kuwasikiliza hawa wanunuzi binafsi wa kahawa, Otilia akaenda zahanati. Narudi, nasikia nyimbo. Kupanda juu, namwona shemeji Lidia, mke wa Raimundi, na wanawake wa ukoo, majembe hewani. Kwetu mwanamume akishapanga majani kwenye miraba, kuyafukia na kuchimba mashimo ni kazi ya wanawake. Lidia ameyaona majani yamekaa bila kufukiwa, akajua nyonga ya Otilia ndiyo sababu, akakusanya wenzake waje wamsaidie. Jembe linashuka, mpira unakatika. Jembe linashuka, mpira unakatika. Wameniambia waliona mizizi ya kijani, wakafurahi kwamba ardhi yangu bado ina rutuba. Nimewashukuru. Ningefanyaje? Na ngoro zenyewe ni nzuri sana, lazima nikiri.

Ijumaa, 23 Septemba

Vipande nimeviunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila kiungo kinavuja. Ngoro zinakunywa, kitalu kikavu. Otilia amerudi kwenye ndoo. Nilitaka kumpokea, akasema niache tu. Karibu nusu ya miche imekufa. Ameing'oa mmoja mmoja, akaipanga kando, akabaki anaitazama. Nikamwambia anisamehe. Akasema alishasamehe, ila miche ndiyo imekufa. Nimekwenda nyuma ya jiko, nimelia. Siufichi ukweli huu, daftari hili nalisoma mimi peke yangu.

Jumapili, 25 Septemba

Baada ya misa Raimundi amekuja, begani mpira. Mweusi. Mzito. Nyuzi ndani. Anao tangu mwezi wa saba! Akasema amesikia shemeji yake amerudia ndoo, basi tuutumie wote, asubuhi wao, jioni sisi. Akasema pia kwamba amemwendea baba mkubwa Othmar, wakaelewana kilima kigawanywe katikati, maana kinatutosha sote. Otilia ndiye aliyemshukuru, na akamwekea chakula.

Jumapili, 2 Oktoba

Miche iliyobaki imesimama. Jioni Otilia anapanda chemchemini mikono mitupu, kuangalia tu maji yanavyoingia. Bado najilaumu. Ile iliyokufa aliilea tangu mbegu, na hakuna mpira wa kuirudisha.

Kesho anakwenda Mbinga mwenyewe kununua mweusi wetu, tumrudishie Raimundi wa kwake. Nimekubali yote. Nimemwambia hakuna ndugu mwema kama yule mdogo wangu, na nilisema kwa moyo wangu wote. Nimemwomba jambo moja dogo tu: akishuka kwenye gari azungukie njia ya kanisani, Raimundi asiuone.