Nafasi ya Mbele Kwenye Kamba

Habari yenyewe gazetini ilikuwa ndogo, imebanwa chini ya ile ya mbwa aliyepotea, lakini pale mkahawani karibu na stesheni ya Sundbyberg iliwasha moto kuliko kodi ya nyumba. Aliyeisoma ni Profesa. Huyu ni Ignatius, Mganda wa kompyuta kule Kista, na kabla hajasoma chochote lazima avue miwani, aifute, sisi wengine tungoje tu.

"Leo alasiri," akasema, "kwa mara ya kwanza katika historia, fainali ya besiboli inakutanisha timu mbili za Stockholm. Sundbyberg na Bredäng!"

"Mchezo gani huo?" nikauliza mimi. "Ule wa wanaume wazima kusimama nyasini wakitafuna bigijii?"

"Ndio huo. Muda mrefu hakitokei kitu, halafu ghafla wote wanakimbia."

"Hiyo siyo besiboli, hiyo ni zamu yangu ya ulinzi."

Mastula akafungua koti. Tunamwita Waziri kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko. Ndani alikuwa amejifunga skafu ya Bredäng, anakoishi.

"Leo tunawazika! Wallahi, vijana wetu hawapigi mpira, wanauhamisha nchi. Na sambusa za ushindi nimeshakaanga."

Tukamgeukia Kocha, tukisubiri ajibu mapigo. Kocha ni Bonaventure, dereva wa basi, Mkongo wa Uvira. Jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kucheza mchezo wowote. Mwanawe Bonheur ndiye mpigaji tegemeo wa Sundbyberg, na siku zote baba mtu huingia mkahawani kifua kimetangulia. Leo alikuwa anakoroga tu kahawa, na kahawa yenyewe haikuwa na sukari.

"Kocha, unaondoka saa ngapi?"

"Siendi."

"Hee!"

"Bonheur amenikataza."

"Umefanya nini, mzee?"

"Nilifanya adabu tu."

Profesa akaruka. "Adabu? Mimi nilikuwepo kwenye nusu fainali, acha niwaambie. Bonheur kapiga mpira, umebingirika hadi kwenye kamba ya watazamaji. Sasa adui lazima aufuate, na huku Bonheur anazunguka vituo. Adui akichelewa, Bonheur anafika mbali. Mnanielewa? Mpira ukasimama karibu na miguu ya Kocha."

"Usiseme," nikamwambia.

"Akapita chini ya kamba. Akauokota. Akaufuta kwa leso. Akampa adui, kwa mikono miwili!"

"Banange!" Waziri akapiga makofi.

"Halafu akamwambia, 'Pole mwanangu, umekimbia sana.'"

"Mais non!" Kocha akapiga meza, vijiko vikaruka. "Kwetu Uvira mupira ukitoka, mutu mukubwa anaurudisha! Ukiupita tu, watoto wanaenda kukusemea kwa mama yako. Miye nitajua je kama hapa munamuacha mutoto wa watu ahangaike, na munakula popcorn?"

"Refa akasimamisha mchezo, maana mtazamaji haruhusiwi kugusa mpira," Profesa akaendelea, "akamrudisha Bonheur nyuma. Sundbyberg waliponea chupuchupu."

Waziri alicheka hadi skafu ikawa kitambaa cha machozi. Mimi nilikasirika. Kuna kucheka na kuna kumcheka mtu, na Kocha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Inaniuma, vraiment," akasema. "Tangu yuko mufupi kuliko lile gongo lake, kila mechi niko pale. Mvua, baridi, niko pale. Leo ndiyo historia yenyewe, na niko hapa na ninyi."

"Sisi nasi tuna ubaya gani?" nikauliza, lakini hata mimi niliona swali halina maana.

Huruma ikamwingia Waziri. "Basi twende wote, kaka. Ukae na sisi Bredäng. Nina nafasi ya mbele kabisa, kwenye kamba. Sisi hatufukuzi mtu, na sambusa utakula."

"Kwa adui? Hapana, dada. Mutoto akiniona pale atasema nimemukana."

Simu yake ikalia. Kocha hana siri, simu zote huzipokea kwa sauti ya mkahawa mzima.

"Hej, pappa."

"Mwanangu, umekula?"

Bonheur huongea Kiswidi, baba hujibu Kiswahili, na miaka yote hawajawahi kupotezana. Kijana alisema amefika uwanjani, ametazama pale kwenye kamba anaposimamaga baba, hakuna mtu, na moyo umekataa. Hawezi kucheza fainali bila yeye. Aje.

Kocha akajifuta macho kwa leso ileile ya nusu fainali. Hata Profesa alivua miwani, na safari hii hakuwa na cha kusoma.

"Nakuja, mwanangu! Mikono naweka ndani ya mufuko. Naapa!"

"Nej, nej!" Bonheur akapiga kelele, kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mikono asiifiche. Akae kwa mashabiki wa Bredäng, mbele kabisa. Bredäng wakipiga mpira ukamfikia, afanye vilevile, kwa adabu zote.

Kocha akasimama, koti liko begani tayari, uso unang'aa.

"Dada Mastula, ile nafasi ya kwenye kamba ungali nayo?"

Waziri alikuwa ameshafunga sambusa zake kwenye mfuko.

"Imejaa."