Mgiriki Aliyetazama Ukuta wa Ghala

Alhamisi, 7 Agosti 2025. Busia.

Siku ya ishirini na tatu bila mke. Nimekula chapati ya jana kwa chumvi.

Justine bado yuko kwao Osukuru, kwa mama yake. Sababu ni ileile: cherehani yake. Nasema tena hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza: sikuiba! Niliiweka kando ya barabara ya forodha pamoja na pasi ya mkaa na redio mbovu, nikachora kibao, "Makumbusho ya Mpakani". Ilikuwa ya kuangaliwa tu. Mtalii mmoja akaipenda mno. Mimi ni mtu laini. Ikaenda.

Ujumbe wa wakwe umeletwa na shemeji Olupot, kaka yake Justine. Nije na mzee wa ukoo wangu na mbuzi, niseme kosa langu mbele ya watu, ndipo mke arudi. Mzee! Ninaye mmoja tu, baba mdogo, na baba mdogo kasema hapandi pikipiki kwa ajili ya mwongo.

Lakini leo mchana, neema. Mgiriki! Anaitwa Stamatis. Miaka sitini na minane, ndevu nyeupe hadi kifuani. Ametoka kisiwa kidogo ambacho, asema, hata Wagiriki wenyewe hawajui kiko wapi. Jina la kisiwa nimeliandika nyuma ya daftari, limekula mistari miwili. Anataka kuona vijiji na mila. Si vitu vya watalii, kasisitiza.

Patroba alikuwa ameshamshika. Patroba wa ng'ambo, upande wa Kenya, mwenye fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni KIONGOZI WA WATALII. Alikuwa akimsifia Mwamba wa Tororo. Nikaingilia kati. Nikasema mwamba huo unaonekana kutoka barabarani, hauhitaji kiongozi wala fulana. Mimi nina kijiji ambacho hakijawahi kuona mtalii. Sikusema kijiji chenyewe ni kwa mama mkwe.

Wahenga wamesema mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na mikono kama yangu.

Ijumaa, 8 Agosti.

Maandalizi. Nimempigia Olupot simu mara tatu. Mara ya kwanza nimemwomba waondoe viti vya plastiki, televisheni na ile sahani ya juu ya paa. Kauliza kwa nini. Nimesema ni heshima kwa mzee wangu, hapendi plastiki. Mara ya pili nimeomba wavae magome ya mti. Kasema magome ni ya Waganda, na mama yake Jumamosi huvaa gauni la kwaya. Mara ya tatu aliyeuliza ni yeye: kweli naja na mzee? Nikasema naja na kaka yangu mkubwa. Ana ndevu.

Mbuzi pia amepatikana. Nimemweleza Stamatis kwamba mila ya kwetu humtaka mgeni aje na mbuzi. Kafurahi! Kasema kisiwani kwao mbuzi ni wengi kuliko watu. Kaenda sokoni mwenyewe, kamkagua mbuzi meno, kamchagua aliye bora kuliko wote. Kumbe anajua.

Patroba kapita mbele ya kibanda changu mara mbili akijifanya anatafuta vocha.

Kesho jioni nitakuwa na mke, na sifa ya kuwa kiongozi wa mila. Nimepiga viatu rangi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye pikipiki. Dereva, mimi, Mgiriki, na mbuzi katikati yetu akinitazama njia nzima. Tumefika Osukuru saa nne. Uani wamekaa wazee watano, katikati yao baba mkwe, mzee Ikiring. Mama mkwe, Mama Atai, alikuwa mlangoni na ungo wa mtama, naye alipomwona Mzungu akawa tayari kumwonyesha jinsi unavyosagwa kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nimeshageuza uso, maana mimi ni mkwe. Kwao na kwetu ni mamoja: mkwe hamtazami mama mkwe, haingii nyumbani mwake, hanywi chungu kimoja naye. Naijua mila hiyo tangu nilipooa. Naijua kama jina langu!

Na bado Olupot aliponiuliza huyu ni nani, nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi kiwanda cha mbolea.

"Huyu ni ndugu yangu. Baba mmoja."

Mzee Ikiring akatazama ndevu. Akatazama pua. Akasema vizuri sana, ukoo umetuma mzee. Halafu akaongeza, polepole, kwamba kama ni ndugu wa mkwe, basi naye ni mkwe.

Ungo ukaanguka. Mama Atai kajifunika kitenge kichwani, katokomea nyuma ya jiko, na wanawake wote nyuma yake. Mimi na Stamatis tukapewa vigoda viwili kando ya ghala, mwisho wa ua, nyuso zikiuelekea ukuta wa ghala. Tukapewa chungu chetu cha malwa, pombe ya ulezi, peke yetu, mirija miwili, mbali na wakwe.

Hapo ndipo alipokaa kwa saa tano nzima mtu aliyevuka bahari kuja kuona mila.

Mila zilikuwepo zote, na zote nyuma ya migongo yetu. Jiwe la kusagia likaanza kuimba. Ngoma ikapigwa. Kwaya ya Mama Atai ikaimba nyimbo za zamani, wakacheza hadi vumbi likatufikia. Kila Stamatis alipotaka kugeuka, Olupot alimshika kichwa kwa upole akakirudisha ukutani. Mgiriki akaniuliza kwa Kiingereza kama ukuta huu ni mtakatifu. Nikasema sana. Akaupiga picha kumi na moja.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini nikisema si ndugu, nimekuja bila mzee, na Justine harudi. Nikinyamaza, mgeni anaona udongo. Nikavuta malwa.

Saa saba, sauti ya Patroba! Katufuata na pikipiki yake. Patroba si mkwe wa mtu. Kakaribishwa uani, kapewa kiti (cha plastiki!), kasalimiana na Mama Atai kwa mikono miwili, kashika jiwe akasaga mtama, wanawake wakamcheka. Nilisikia yote. Mimi niletewe shingo ya kuku, yeye nimsikie akisifu paja!

Halafu wazee wakaja upande wetu. Mzee Ikiring akaomba kaka mkubwa anisemee. Nikamwambia Stamatis kwamba wanataka asimulie habari za kwao. Akasimama, akavua kofia. Akasema mama yake ana miaka tisini na moja. Kila Agosti watalii huja kisiwani, humkuta akikanda mkate, humpiga picha mikono bila kumwamkia. Siku hizi hufunga mlango. Ndiyo maana Agosti yeye huondoka, aibu humfukuza. Akasema leo amefurahi, kwa sababu hapa wamemficha mama yao asimwone, na mlango uliofungwa ni mila anayoielewa.

Nikatafsiri: kaka yangu anasema mimi, Egesa, nimejuta, cherehani ilichukuliwa na mafuriko.

Kicheko kidogo nyuma ya ghala. Nilisahau kitu kimoja. Justine alifanya kazi forodhani miaka minne. Kiingereza chake kinanizidi.

Akatoka. Amekonda kidogo. Kanga yake ileile ya bluu. Akawatafsiria wazee neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwa yule mama anayefunga mlango akarudia mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Cherehani yangu uliiuza. Leo umekuja kumuuza mama yangu. Mimi utaniuza lini?"

Nikaugeukia ukuta.

Hukumu ikatoka palepale. Stamatis si ndugu yangu, kwa hiyo si mkwe, kwa hiyo ageuze kigoda. Kageuza. Mama Atai katoka jikoni kumwamkia. Mbuzi ni wake, si wangu, kapokewa kama zawadi ya mgeni. Wamecheza upya kwa ajili yake, na Patroba akapewa kazi ya kutafsiri.

Mimi nikabaki na ukuta. Nimeujua kila ufa.

Jumapili, 10 Agosti.

Stamatis amebaki kwa wakwe, halafu Patroba atampeleka Kirewa, kijiji kingine. Sijali.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma: nyumba ni kubwa mno. Ni chumba na sebule, na ni kubwa mno. Nilikuwa nalalamika kelele za ile cherehani asubuhi.

Nimekwenda kwa baba mdogo. Nimepiga magoti. Kauliza nataka nini, nikasema nataka twende nikaseme ukweli. Kanitazama usoni kama mtu anayekagua noti. Kavaa koti.

Jumatatu, 11 Agosti. Osukuru tena.

Baba mdogo kapanda pikipiki akinitukana hadi tulipofika. Kaleta mbuzi wake mwenyewe, mwembamba, lakini wa ukoo.

Kigoda kilekile. Ukuta uleule. Mama Atai alikuwa upande wa pili wa ghala, nikamsikia akikohoa. Nikasema na ukuta, kwa sauti.

"Niliuza kitu ambacho si changu. Nikadanganya kuhusu mafuriko. Nikadanganya kuhusu ndugu. Nyumba haina mtu, mama."

Macho yakaniwasha. Vumbi la mtama.

Olupot akaja na kitu kizito kilichofunikwa kitenge. Cherehani ya Mama Atai mwenyewe! Ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni, aliyotumia kuishonea kwaya miaka arobaini. Anampa Justine, arudi nayo. Na mimi nimeletewa ujumbe: cherehani hii ni yeye mwenyewe, mama mkwe. Niiheshimu kama ninavyomheshimu.

Justine kapanda pikipiki ya pili. Tulipofika mjini kanunua nyanya za watu wawili.

Nimeapa mbele ya baba mdogo: mipango basi.

Jumatano, 13 Agosti. Busia.

Raha. Justine anashona. Mimi naishi na cherehani kwa adabu zote. Nikipita karibu nainamisha macho. Chumba ilimowekwa siingii. Asubuhi naiamkia kutoka nje ya mlango, na Justine anacheka, kile kicheko cha nyuma ya ghala.

Stamatis kapita kuaga kabla ya kuvuka mpaka. Kanikumbatia! Kasema ameona vijiji vingi, ila ukuta hajawahi kuonyeshwa. Kaniandikia anwani. Nikifika kisiwani kwao, mama yake atanifungulia mlango.

Nimeitafakari anwani hiyo tangu saa tatu. Watu wa Busia hawajawahi kuona vijiji vya Ugiriki. Hakuna anayewapeleka. Patroba hajalifikiria. Nimechora kibao: "Safari ya Kisiwa cha Ugiriki. Vijiji na Mila Halisi. Mwenyeji wenu: ndugu wa Egesa, baba mmoja."

Hii si mipango. Hii ni kazi.

Shida ni meza ya kuandikishia wasafiri. Justine kaenda sokoni kutafuta nyuzi. Kwa hiyo nimeitoa cherehani hadi kando ya barabara ya forodha, kwa muda tu, kushikilia daftari na kibao. Heshima nimeizingatia. Nimeibeba kinyumenyume, sikuitazama hata mara moja.

Nimekaa nimeipa mgongo. Nyuma yangu kuna mtu amesimama, anauliza kwa Kiingereza kama cherehani ni ya kale kweli. Siwezi kugeuka, mila hairuhusu. Lakini swali si baya, na mimi ni mtu laini.